Madirisha Hewa

Niliolewa Timau na watu wanaoogopa dirisha. Siwasengenyi, hata wao wanajua. Ukiingia nyumba ya mtu wa kule, neno la kwanza baada ya salamu ni "funga mlango", na la pili ni "umefunga?" Mimi ni mtu wa Mbeere, kule Embu ya chini ambako jua hupiga mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya stima. Nyumba ya baba yangu ilikuwa na pengo kati ya ukuta na bati, na upepo uliingia na kutoka bila kubisha hodi. Hakuna aliyeliona pengo lile kuwa kosa la fundi. Tulilala, tukaamka, tukaenda kuchuma ndengu.

Mume wangu anaendesha trekta katika mashamba ya ngano. Alinipeleka kwao mwezi wa Julai, mwezi mbaya kuliko yote, ukungu umeshuka hadi huoni zizi ukiwa mlangoni. Mama yake hakunipa mkono kwanza. Alinitupia blanketi begani, akalikaza shingoni kama anayefunga gunia la viazi, akasema, "Huyu atakufa na mpio." Mpio ni baridi kwa Kimeru. Nilikuja kulisikia neno hilo kuliko jina langu mwenyewe. Mtoto akikohoa, mpio. Ng'ombe akikataa nyasi, mpio. Mzee akifa baada ya kuzika rika lake lote, watu hutoka makaburini wakitikisa vichwa, wakisema ile mpio ya juzi ndiyo iliyommaliza.

Nilimpenda mama mkwe wangu haraka, niseme ukweli, na tukaanza kuchokozana haraka vilevile. Aliniita mtu wa muguka, kwa sababu sisi hupanda muguka na wao Wameru hujivunia miraa, na huiona muguka kuwa majani ya watu waliokosa. Mimi nilimwambia miraa imewaweka macho miaka yote hiyo na bado hawajaona kwamba nyumba zao hazina hewa. Alicheka mpaka akakaa chini. Tulikuwa watu wawili wenye vichwa vigumu ambao bado hawajapata kitu cha kugombania.

Kitu chenyewe nikakizaa mimi. Binti yangu alipofika miaka mitatu, kifua chake kilianza kupiga filimbi. Daktari mjini Meru akasema ni pumu. Akanipa inhela, kile kichupa cha kuvuta dawa kwa mdomo, akaniambia mtoto akae mbali na moshi, vumbi na vyumba vilivyofungwa. Nilirudi na maneno hayo kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Mama mkwe wangu aliyasikiliza yote, akasema, "Huyo daktari ni kijana. Hajui mpio ya huku." Kuanzia hapo mtoto wangu alikuwa na madaktari wawili, na mmoja wao alikuwa na blanketi mkononi kila wakati.

Nyumbani tungeweza kupigana kimya kimya. Vita vilihamia hadharani kwa sababu ya ukumbi.

Ukumbi wa kijiji, ambao sote tunauita holi, ni mmoja na kazi zake ni nyingi. Siku za wiki ni shule ya chekechea, Jumamosi ni vikundi vya akina mama na mikutano ya matanga, Jumapili ni kanisa. Aliyeujenga alipenda vioo. Ukuta mzima wa mbele ni vioo vilivyoshikwa na chuma, visivyofunguka, na katika kila dirisha kuna kipande kimoja kidogo tu chenye komeo. Juu ya madirisha kuna safu ya matundu ambayo mafundi huyaita venti. Siku ya kuuzindua, muuza vipuri mmoja alisimama akasema, "Tumezoea wafanyakazi hewa, tumezoea barabara hewa. Leo tumejengewa madirisha hewa." Watu walipiga makofi, hata mgeni rasmi akacheka bila kujua anachekwa yeye.

Kisha viti vya plastiki vikaibwa kupitia vile vipande vidogo. Kamati ikayafunga makomeo yote kwa waya mweusi wa kujengea, ukakazwa kwa koleo. Yakabaki matundu ya juu. Baridi ya mwaka uliofuata ilipokuja, mama mkwe wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa akina mama, alikusanya magunia ya viazi, akapanda juu ya meza ya mhubiri bila viatu, akayaziba matundu yote kwa mkono wake huku wenzake wakimwimbia. Aliposhuka uso ulikuwa unang'aa. Alikuwa amewakinga watoto wa kijiji kizima, na mjukuu wake mmoja wao. Sikuweza kumchukia siku ile. Niliyachukia magunia.

Asubuhi moja nilimpeleka binti yangu shuleni, nikafungua mlango wa holi, nikapigwa na harufu ya chaki, soksi mbichi na uji uliomwagika jana. Watoto walikuwa wanakohoa kwa zamu kama kwaya. Mwalimu mwenyewe alikuwa amejifunga leso puani. Sikuuliza mtu. Nilichukua ufagio, nikapanda kwenye benchi, nikaanza kuyachokoa magunia, na vumbi la mwaka mzima likaniangukia machoni. Gunia la pili lilikuwa bado linaning'inia nilipohisi ufagio unavutwa kutoka chini. Alikuwa yeye. Sijui nani alimwita.

"Shuka," akasema.

"Sishuki, mama."

Alivuta, nikavuta. Yeye amebeba viazi maisha yake yote, mimi nimeteka maji ya mbali maisha yangu yote, kwa hiyo hakuna aliyeteleza. Mpini ndio uliokatika. Kipande changu kilirudi kikanipiga juu ya jicho, na cha kwake kikampeleka kinyumenyume hadi kwenye ubao. Watoto walicheka, kisha wakaona damu, wakaanza kulia wote kwa pamoja.

"Siku huyu mtoto atashikwa na nimonia," aliniambia, akitweta, "ndio utanijua mimi ni nani."

"Na siku atakosa pumzi utanijua mimi."

Jioni nilimweleza mume wangu, jicho limevimba. Alisikiliza pande zote mbili kama hakimu aliyelipwa na wote. Akasema, "Nyinyi wawili mtaniua," akaenda kulala. Ni mtu mwema, lakini wema wake hauwezi kuamua jambo mpaka jambo lijiamue lenyewe. Magunia yakarudishwa juu. Mimi nikaanza kubeba inhela mfukoni mwa aproni hata nikienda kukamua.

Mwaka huu watu wa kwetu walisema wanakuja kumwona mtoto. Walikuja Agosti, mwezi ambao sisi wa chini hatujui kuwa unaweza kuwa na baridi: baba yangu na fimbo yake, mjomba wangu, na akina mama wa kwetu waliovaa sketi nyepesi na viatu vya wazi. Walileta asali na mbuzi wawili. Mbuzi waliposhushwa walisimama wakitetemeka, nao wageni vilevile. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kulala upande, na nyumba yetu haiwezi kukalisha watu wote hao, kwa hiyo wakapelekwa holi.

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kupokewa vizuri kama walivyopokewa. Mama mkwe wangu aliazima mablanketi kila boma. Aliazima pia majiko, yale makubwa ya kuchomea nyama, yakajazwa makaa, yakawashwa nje chini ya paa, na yalipokuwa mekundu wanaume wakayabeba ndani na kuyapanga katikati ya wageni. Nilimfuata nikamwambia, "Mama, hapo ndani hakuna pa kutokea moshi."

"Moshi gani? Hiyo imeshika. Moshi iliisha hapa nje."

"Hata hivyo."

"Watu wako wanatetemeka mbele ya watu, na wewe unanifundisha kukaribisha wageni?"

Baba yangu alikuwa ameshamsikia, na macho yake yaliniambia ninyamaze. Nilimwambia mume wangu ahakikishe mlango unabaki wazi, nikampa mtoto dawa yake, nikaenda kupika. Mke wa boma hakai na wageni, anakaa na sufuria. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila hawakusema mgeni mwenyewe atapona vipi.

Yaliyotokea ndani niliyajua baadaye, kwa kuwauliza mmoja mmoja. Mume wangu aliacha mlango wazi kweli. Mvua ikaingia ikamlowesha mzee wa ukoo aliyekuwa anahutubu, mtu akausukuma, ukafungwa. Watu wa kwetu walianza kuumwa na vichwa kabla hotuba ya kwanza haijaisha. Kila mmoja alidhani ni mlima. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba mtu wa chini akipanda karibu na mlima huu kichwa kitamgonga, na kwa hiyo walivumilia kwa adabu, kila mtu akiona haya kuwa wa kwanza kulalamika. Walinyamaza, wakajikunja. Wenyeji walipowaona wamenyamaza na kujikunja wakajua hiyo ni baridi, wakaongeza makaa. Mjomba wangu akatapika kwenye kofia yake, akaomba radhi, akasema amekula vibaya njiani. Wakamsogezea jiko.

Niliingia na sufuria ya mukimo, mimi na mke wa jirani tumeishika huku na huku. Hewa ya mle ndani ilikuwa nzito, ya joto, inaingia mdomoni kama uji. Vioo vilikuwa vinatiririka maji. Nilitazama nyuso na nikadhani watu wamechoka na hotuba. Kisha nikamtafuta mtoto.

Alikuwa mapajani kwa nyanya yake, pembeni ya jiko, amefungwa mablanketi mawili mpaka puani, kwa upendo wote wa dunia hii. Nilianza kwa kutega sikio, maana pumu ya mtoto wangu nilikuwa naisikia kabla ya kuiona. Sikusikia filimbi. Nilishukuru, hata nikapiga hatua mbili zaidi na sufuria. Ndipo nikaona shingo yake. Ngozi juu ya mfupa wa kifua ilikuwa inazama ndani, inatoka, inazama, na hakuna sauti yoyote iliyokuwa inatoka, kwa sababu hakuna hewa iliyokuwa inapita ya kupiga filimbi. Macho yake yalikuwa wazi nusu. Yalinitazama bila kunitambua.

Niliachilia sufuria. Mukimo ukamwagika miguuni mwa wazee.

"Nipe mtoto."

"Amelala. Usimwamshe."

"Mama, nipe mtoto!"

"Huko nje kuna mvua! Unataka kumuua?"

Nilimshika mtoto, naye akamkaza. Mikono ile ilikuwa na nguvu ambayo sijakutana nayo kwa mwanamume. Nilivuta blanketi, blanketi likaja, mtoto akabaki. Aliniambia tena, kwa sauti ya mtu anayebembeleza, "Kuri mpio, mama toto, kuri mpio." Kuna baridi, kuna baridi. Nami nikampiga. Sikumsukuma, sikumgusa kwa bahati mbaya kama mume wangu alivyojaribu kuwaambia wazee baadaye. Nilikunja ngumi nikampiga mdomoni kwa nguvu zangu zote, mbele ya baba yangu, mbele ya ukoo wake, na jino likatoka likaanguka juu ya lile blanketi. Mikono ikalegea. Nikamchukua mwanangu.

Watu wote wakasimama kwa pamoja, na wengi waliosimama wakayumba. Mlango ulikuwa mbali, na kati yangu na mlango kulikuwa na wanaume, mabenchi, majiko na kelele. Kipande cha dirisha kilikuwa karibu. Nilikamata komeo nikakuta waya. Niliuvuta waya ule mpaka ukaniingia kwenye kidole, haukulegea hata kidogo; aliyeukaza alikuwa fundi mzuri, Mungu amlaani. Nikamlaza mtoto juu ya meza ya mhubiri, nikaokota stuli kwa miguu yake, nikapiga kioo.

Kioo cha kwanza kilitoa ufa tu. Nilipoinua tena, fimbo ikatua mgongoni. Nilijua ni fimbo ya nani kabla sijageuka. Baba yangu hakuwa amenipiga tangu nikiwa msichana mdogo, na sasa alinipiga mara ya pili na ya tatu, akilia, akiniuliza kwa Kimbeere kama nimeingiwa na shetani. Nilipiga kioo huku ananipiga. Kikavunjika. Nikahamia cha pili. Mume wangu akanikumbatia kutoka nyuma, akanibana mikono, akanisihi nitulie, nami nikamng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya damu na ya grisi ya trekta. Akaniachilia. Cha tatu nilikivunja kwa kiwiko, kwa sababu stuli ilikuwa imebaki mguu mmoja.

Baridi ikaingia. Iliingia na mvua na ukungu, ikapiga makaa, makaa yakafuka. Nilimchukua mwanangu nikampitisha kichwa kwenye tundu lenye meno ya kioo, nikamwekea inhela mdomoni, nikabonyeza, nikambinya kifua, nikabonyeza tena, nikimtukana kwa matusi ambayo mama hatakiwi kumtukania mwanawe. Vuta, mbwa wewe, vuta. Ndivyo nilivyosema. Nyuma yangu niliwasikia watu wakianguka, na nikadhani wanapigana.

Akavuta. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mlango wa kabati. Kisha filimbi ikaanza, na sijawahi kuipenda sauti yoyote kama nilivyoipenda filimbi ile.

Tulimpeleka zahanati kwa pikipiki, mimi na mume wangu na damu zetu. Wakamwekea oksijeni. Hatujakaa sana, wakaanza kuletwa wengine: mjomba wangu, akina mama wawili wa kwetu, mzee wa hotuba, wanatapika na kushika vichwa. Baba yangu aliingia akiwa ameshikwa mikono, hawezi kunyoosha miguu. Daktari aliuliza swali moja tu, tulikuwa tumekaa wapi na kulikuwa na nini ndani. Akatueleza kwamba makaa yaliyoshika vizuri, yasiyo na moshi hata kidogo, hutoa gesi isiyoonekana, na katika chumba kilichozibwa gesi hiyo huchukua nafasi ya hewa ndani ya damu. Jina lake refu la Kizungu nilishalisahau mlangoni. Alisema pumu ya mtoto ndiyo iliyotuokoa, kwa maana wengine wangekaa pale wakisikiliza hotuba mpaka walale. Mtoto wangu alipelekwa hospitali kubwa, akalazwa, akarudi. Anaishi. Anakimbiza kuku wangu hivi ninavyoandika.

Mtu angedhani baada ya hapo nitapewa asante. Baadhi walinipa. Fundi akaletwa, magunia yakateremshwa, waya zikakatwa, na vioo vipya vikawekwa vya kufunguka. Lakini wazee wa ukoo walikutana kuhusu jambo lingine. Kumpiga mama mkwe ni mugiro, mwiko unaoharibu boma lote mpaka usafishwe. Nilijitetea. Nilisema ningechelewa kidogo tungezika. Mzee wa hotuba, ambaye uhai wake ulipita kwenye tundu nililotoboa mimi, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hatuulizi ni kwa nini. Tunauliza mkono yako ilifika wapi."

Niliwaambia kondoo wa utakaso nitaleta, na asali nitaleta, lakini radhi kwa ajili ya vioo siombi. Nilisema kwa sauti kubwa, ili mama mkwe asikie. Alikuwa ameketi na akina mama, leso mdomoni, hajasema neno nami tangu siku ile. Nilikuwa na hasira naye bado. Niseme wazi: nilikuwa nimeshinda, na nilitaka ashindwe mbele yangu, kwa mdomo wake ule niliouvunja. Nilikuwa nalisubiri neno "ulikuwa na haki" kama mtu anayesubiri chakula.

Kabla ya siku ya kondoo, aliniita jikoni kwake. Ilikuwa mchana, moto wa kuni umewashwa kidogo, mlango umeachwa wazi. Nilikaa kwenye kigoda. Tulizungumza Kiswahili, maana Kimbeere changu na Kimeru chake hukutana nusu ya njia, na mambo mazito tunayapeleka kwenye lugha ambayo si ya yeyote kati yetu.

"Hiyo gesi ya makaa," akasema. Pengo la jino liliifanya sauti ipulize. "Iko na harufu?"

"Haina, mama."

"Na kama ni mtoto mdogo, ameshikwa nayo, analia kwanza?"

"Walisema halii. Analala tu."

Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Na midomo yake? Inakuwa aje?"

Nilijibu upesi, kwa sababu mambo hayo nilikuwa nimeyauliza hospitalini na nilijivunia kuyajua. Nilimwambia wanasema mara nyingine huwa myekundu, hata unaweza kudhani mtu ana afya njema. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayempiga mwenzake aliyekwisha kuanguka.

"Wangu ilikuwa nyekundu," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani anazungumza kuhusu mdomo wake. Akaendelea bila kunitazama. Kabla ya kumzaa mume wangu alikuwa na msichana, mtoto wa kwanza. Mume wangu mwenyewe hajui, hakuna anayemtaja. Alizaliwa Julai. Waliziba nyumba kila mahali, na ili mzazi na mtoto wasipigwe na mpio, jiko likawekwa karibu na kitanda na mlango ukafungwa. Aliamka kichwa kinamgonga. Mtoto alikuwa amelala, midomo myekundu, mzuri kuliko siku zote, na yeye akamweka titini akasubiri anyonye. Watu wote walisema ni mpio. Walimwambia hakumfunika vya kutosha.

"Tangu hiyo siku nafunika," akasema.

Nilikaa pale na ushindi wangu. Niliwaza blanketi alilonitupia siku ya kwanza, nikawaza magunia, nikajiona kuwa mtu aliyebomoa ukuta na kukuta kuna kaburi. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo akiamini adui ni baridi, kitu cha Mungu, kitu cha mlima, ambacho mtu anaweza kupigana nacho kwa gunia. Sasa alikuwa ananiuliza kama ni yeye. Na mimi, ambaye sijui kumdanganya mtu hata kumsifia chai mbaya, nikamdanganya.

"Ilikuwa baridi, mama," nikasema. "Wakati ule hamkuwa na blanketi nzuri. Mtoto alikufa na baridi."

Akainuka akanizaba kofi. Lilikuwa kofi la mkono uliobeba viazi, likanitoa kwenye kigoda, na sikio likaanza kulia. Akanishika kifundo cha mkono kabla sijainuka, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Wewe hujawahi kunidanganya," akasema. "Hata siku uliniangusha jino hukunidanganya. Usianze leo. Sema vizuri."

"Mama..."

"Sema."

Nikasema. Nilimwambia ni jiko, mama, ni jiko na mlango uliofungwa. Aliniambia nirudie, nikarudia. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa habari za safari, akaniachilia mkono. Nje binti yangu alikuwa anamwita nyanya yake, "Shosho, nasikia njaa!" Akapangusa macho kwa leso, akachukua kisufuria, akamwambia anakuja.